Wali Uliochacha Njiani

Siku tulipomzika Katana, pale Mtopanga, nilikuwa nimeketi mstari wa pili chini ya turubai, nikasikia nikitukanwa kwa spika. Mwanawe mkubwa alisimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alioa lini, alifanya kazi bandarini miaka mingapi. Halafu akafika kwenye mpira. Akasoma kwamba babake alikuwa nahodha wa timu ya chuo, timu ambayo ingechukua kombe la vyuo vya nchi nzima, lau si mpishi mmoja aliyewalisha wachezaji wali ulioharibika. Watu wakacheka. Kicheko cha matangani nakijua, ni cha kushusha pumzi, hakina ubaya. Lakini mpishi huyo ni mimi, na nilikuwa nimevaa shati nililolipiga pasi mwenyewe kwa heshima ya maiti yake. Baada ya kaburi kufukiwa nilimvuta yule kijana kando nikamuuliza nani kayaandika yale. Akanijibu kwa adabu, "Mzee Mwero, ni baba mwenyewe. Alinitajia akiwa kitandani, mimi nikaandika. Hapo kwenye mpira alisema nisiparuke." Nisiparuke! Mtu yuko kitandani, pumzi anazitafuta moja moja, na katika yote aliyobakiwa nayo akaona aniachie mimi uongo. Ningemjibu pale pale, ila mjane alikuwa hatua tatu kutoka niliposimama, ameshikiliwa mikono na dada zake, nikanyamaza. Sasa sinyamazi tena. Nilisoma hadi darasa la tatu na mkono wangu ni mzito, lakini mwaka ule nitauandika jinsi ulivyokuwa, kwa sababu nilikuwepo na pua yangu ilikuwepo.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, au ishirini, sina hakika. Chuo chenyewe kilikuwa cha ufundi, upande wa Port Reitz, ndege zinapita juu ya mabati hadi vijiko vinatetemeka. Jina lake silitaji, watoto wa watu wanasoma pale hadi leo. Jiko lilikuwa banda la nyuma, kuta nyeusi kwa moshi mpaka juu, na madirisha mawili yasiyo na vioo yaliyotazama uwanja. Kwa madirisha hayo ndiko nilikosomea mpira. Tulikuwa wapishi wawili, mimi na Mama Anyango, mwanamke wa bara, mpana, mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekuwa na miaka mingi kuliko mamangu. Siku nyingine za juma tulisonga ugali na kupika mboga, na kila Ijumaa tulipika wali wa nazi. Ijumaa nilikuwa juu ya mbuzi tangu alfajiri, nakuna nazi hadi mapaja yafe ganzi, kisha nakamua tui kwa kifumbu, tui la kwanza kando, tui jepesi kando. Wali wangu ulijulikana. Nasema hivi bila haya: wanafunzi waliokwenda kwao mwisho wa juma walikuwa wanangoja kwanza wali wa Ijumaa ndipo waende. Sikuwa na cheti cha chochote, lakini hilo nilikuwa nalo.

Katana alikuja jikoni kila jioni baada ya mazoezi. Aligeuza debe, akaketi, nami nikampa ukoko wa chini ya sufuria, akautafuna huku jasho likimdondoka kwenye sakafu. Alikuwa mwembamba, mguu wa kushoto kama rungu, na alipocheka alifunga macho. Yeye alikuwa akisomea magari na mimi nilikuwa mtu wa kuni, lakini juu ya ukoko tulikuwa sawa. Ananieleza nani ana goti bovu, nani amegombana na nani, mimi namweleza nilichokiona dirishani. "Mwero," aliniambia siku moja, "wewe unaona mpira kuliko mwalimu wa michezo." Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani nikalala nayo. Leo nikikumbuka jinsi nilivyofurahi, uso unanipata moto.

Mwaka ule timu ilishinda kila mahali. Tuliwafunga wa Kisauni, tukawafunga wa Likoni, tukawafunga wa kisiwani, ikabaki mechi moja ya kuingia fainali, nayo ni ugenini, huko juu Bonde la Ufa, kwenye baridi, kwa chuo ambacho hakikuwahi kufungwa kwao. Tangu habari hiyo ifike, jiko langu likawa baraza. Mashabiki walikuja kwa kisingizio cha kuomba moto wa sigara, wakakaa saa nzima. Kiongozi wao alikuwa Mbwana, mtu wa Likoni, mwenye koo la kuita watu ng'ambo, na nywele kubwa za duara alizozichana kila baada ya nusu saa. Alipenda jiko letu kwa sababu madebe yetu ndiyo yaliyolia vizuri kushinda ngoma.

"Wale hawajafungwa pale tangu uwanja ule ulimwe," mmoja akasema.

"Ulilimwa nini, viazi?" Mbwana akamrukia. "Watafungwa, yakhe. Wallahi watafungwa mpaka kipa wao aombe kurudi kwao."

"Si yuko kwao tayari?"

"Basi ataomba kuhama!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mwingine alisema beki wao wa kati ana watoto wanne na mkubwa anavunja sauti. Mwingine akasema amesikia kule juu mtu akikimbia dakika kumi damu inamtoka puani. Mbwana akamwambia afunge mdomo, maneno hayo ni ya adui. Akaapa mbele yetu sote kwamba tukishindwa atanyoa nywele zile kwa wembe, papo hapo uwanjani. Hata Mama Anyango aliacha mwiko kidogo akacheka. "Wewe ukinyoa utabaki nini?" akamuuliza. "Kichwa yako ni nywele tu." Na mimi nilicheka nao. Nilitaka ushindi ule kuliko wanafunzi wenyewe, maana wao walikuwa na mengine ya kutaka. Na nilikuwa nimeahidiwa kiti kwenye basi. Timu ingehitaji mtu wa kusimamia chakula njiani, na Katana alisema mtu huyo ni mimi. Sikuwa nimewahi kupita Mariakani.

Sasa hapa ndipo msomaji wa bara anisikilize, kwa sababu jambo hili ni letu sisi. Timu ya pwani ikienda ugenini haikuwa inakula chakula cha mwenyeji. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja. Mwaka uliotangulia, timu yetu ilikunywa chai ya wenyeji kule kule juu, na kipindi cha pili miguu ikawa mizito kama imefungwa mawe. Mimi leo najua kwamba ni mwinuko na baridi, mtu wa joto akipelekwa kule lazima ahemewe. Lakini nani angekubali? Ilikuwa ni chai. Chai ilitiwa kitu. Basi Mbwana na kamati yake ya mashabiki wakaamua: maji tunabeba, chumvi tunabeba, na chakula cha siku mbili tunabeba. Na si chakula chochote. "Vijana wetu wale cha kwao," alisema. "Wali wa nazi na maharagwe ya nazi. Wakiingia uwanjani wawe na Mombasa tumboni."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mbele ya watu, na Katana yupo kwenye debe lake. Wali wa tui ni wa kuliwa siku hiyo hiyo, na maharagwe ya nazi hata zaidi, ukiyafunika yakiwa moto yanafanya jasho, na jasho lile ndilo linaloyachachua. Nikasema nitawapikia mahamri, viazi vya kuchemsha, mayai, nyama ya kukaanga ikakauka. Siku mbili vinakaa. Mama Anyango akaniunga mkono, "Hiyo chakula itaoza kabla mfike Nairobi. Mimi nimesafiri hiyo barabara. Beba chapati."

"Mama, wewe ni wa huko huko juu," Mbwana akamwambia. "Hatujui uko upande gani."

Mama Anyango akarudi kwenye sufuria yake. Mimi nikaendelea kubisha, na hapo Mbwana akanigeukia, akasema polepole, kila mtu asikie, "Mpishi mwenye maneno atabaki na jiko lake. Kiti ni kimoja na wanaokitaka ni wengi." Nikamtazama Katana. Alikuwa akitafuna ukoko. Akasema, "Pika tu, Mwero. Utajua la kufanya." Na mimi, kwa ajili ya kiti, nikapika. Hilo ni langu, nalichukua, silikatai. Nilijua na nikapika. Lakini nilijiwekea mpango: nitapika alfajiri ya Ijumaa, siku ya safari, nitautandaza wali kwenye masinia makubwa upoe kabisa, ndipo niutie kwenye sufuria, na basi likiondoka mapema tutakula Mtito, katikati ya njia ya Nairobi, mchana, na kilichobaki nitakipasha moto njiani palipo na mkaa. Mpango si mbaya. Mpishi yeyote atakwambia.

Mbwana akauvunja. Asubuhi ya Ijumaa alifika na kundi lake kabla ya wakati kwa muda wa saa mbili, wamejipaka rangi, madebe mikononi, wakapakia sufuria wali ukiwa bado unafuka. "Utapoa njiani!" Mbwana akasema. Nikashika mfuniko, nikasema wali uachwe wazi. Mtu akasema vumbi litaingia, mwingine akasema ukiachwa wazi mtu wa jicho atautazama. Wakafunika, wakafunga kwa kamba ya katani, wakarundika mabegi ya viatu juu yake. Nikadhani angalau tunaondoka. Wapi! Basi likashika njia ya kisiwani. Ati lazima tuwaage watu. Tukapita Magongo tukipiga madebe, tukavuka Makupa, tukavuka daraja la Nyali, tukaingia Frere Town mwendo wa bibi harusi, vijana wananing'inia madirishani, mpaka Mtopanga kwa akina Katana, ili mamake aliombee basi. Mama wa watu aliomba, sitamlaumu, alilizunguka basi lote na kikombe cha maji akinyunyiza magurudumu. Kisha majirani wakataka kucheza. Kisha Mbwana akataka kuhutubia. Jua limesimama utosini, basi ni bati tupu, na kule nyuma wali wangu umekazwa kamba kama mfungwa. Kila mara nikisema, "Jamani, chakula," wananiimbia, "Mpishi! Mpishi!" kama ni sifa. Saa saba mchana tulikuwa tunapita tena mbele ya lango la chuo, tulikotoka asubuhi. Mama Anyango alikuwa nje anamwaga maji ya vyombo. Akaona basi, akaweka mkono kiunoni, akapaza sauti, "Mmesharudi? Mmefunga ngapi?"

Mtito tulifungua sufuria ya kwanza. Wali ulikuwa umeanza kuwa na kitu cha uchachu, si sana, mwenye njaa hakutambua. Ya pili haikufunguliwa. Nilikuwa nimesema tusimame nipashe moto, wakasema tumechelewa. Na kweli tulikuwa tumechelewa, tumetumia mchana mzima kuagana. Tulifika kule juu Jumamosi karibu na adhuhuri, vijana hawajanyoosha miguu, meno yanagongana kwa baridi, na mechi ni saa tisa.

Wenyeji walitupokea vizuri. Lazima niseme hivyo, kwa sababu nilikuwa nimejazwa maneno hadi nilitarajia watu wenye pembe. Walitupeleka kwenye ukumbi wao wa kulia, meza zimepangwa, ugali unafuka, nyama ya ng'ombe, kabichi, maziwa ya mtindi kwenye mitungi. Mpishi wao alikuwa mzee mfupi mwenye aproni safi kuliko yangu. Vijana wetu wakaketi, hakuna aliyegusa kitu. Mbwana akasimama akasema tunashukuru, tumebeba chetu. Yule mzee uso ulimwanguka. Akanijia mimi, maana alinijua kwa mikono, akasema, "Mpishi mwenzangu, chagua sahani yoyote, mimi nitakula kwanza mbele yenu." Kisha akala. Kijiko baada ya kijiko, peke yake, mbele ya watu arobaini wanaomtazama kama mchawi. Niliona haya. Nikachukua sahani nikala naye.

Ndipo wakaleta sufuria ya pili. Nilikata kamba mwenyewe, nikainua mfuniko, na harufu ikanipiga. Wali ulikuwa umelegea, unavutika, na maharagwe yana povu pembeni. Nikaufunika. Katana alikuwa amesimama mkono wangu wa kulia. Nilimwambia, si kwa kunong'ona, "Katana, msile. Umechacha huu. Wape vijana ugali." Akainama akanusa. Nilimwona akinusa, pua yake ikajikunja, akajua. Akatazama meza za wenyeji, akawatazama vijana wake waliokuwa wanamtazama yeye, akamtazama Mbwana. Angesema neno moja wangekula nyama ile na kushiba. Alikuwa nahodha. Mwalimu wa michezo mwenyewe alikuwa anangoja aone nahodha atafanyaje. Akachukua kijiko, akachota, akatia mdomoni, akameza. "Uko sawa," akasema kwa sauti. "Tuleni chetu."

Wakala. Dakika ya ishirini winga wetu wa kulia alitoka uwanjani mbio, hakurudi. Baada ya mapumziko walibaki wachezaji wanane wanaosimama wima, na kati ya hao watatu walikuwa wamekunja matumbo. Tulifungwa mabao sita. Katana alitapika kwenye duara la katikati, mbele ya wanafunzi wa chuo kile, nao hawakumcheka, walimletea maji. Hakuyanywa! Mbwana naye hakunyoa nywele. Alisema kiapo kilikuwa cha kushindwa mpira, na sisi hatukushindwa mpira, tumeuawa na jiko. Maneno hayo yalianza kwake, ndani ya basi, tukirudi, na kila kituo yakawa makubwa. Mpaka Voi hakuna aliyetaka kuketi karibu nami.

Jumatatu niliitwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Alikuwa nyuma ya meza, mwalimu wa michezo kando yake, Mbwana na Katana wamesimama ukutani. Mkuu aliniuliza swali moja tu, nalo lilikuwa limepangwa vizuri. "Wachezaji wote wameugua. Mashabiki waliokula wameugua. Wewe hukuugua. Ulikula nini?"

"Nilikula cha wenyeji."

"Kwa nini hukula ulichopika?"

"Kwa sababu kilikuwa kimechacha."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, nikasema. Nilimwambia nahodha, msile. Huyo hapo, muulize."

Wote wakamtazama Katana. Dirisha lilikuwa wazi, nasikia mtu anagonga chuma karakana, ka, ka, ka. Katana alikuwa anatazama zulia. Nilijua atasema. Nilimlisha mwaka mzima, hata shaka sikuwa nayo. Akasema, "Sikumbuki kuambiwa hivyo, bwana mkuu. Kulikuwa na kelele."

Mkuu akasukuma karatasi upande wangu. Nikamwomba aisome, maana ilikuwa na maneno marefu. Akaisoma. Ilisema mimi nakiri uzembe, naomba msamaha kwa chuo, nitapewa onyo na kuendelea na kazi. Akafungua kidau cha wino ili nitie kidole gumba. Wote walikuwa wanataka nitie kidole, ofisi ile nzima ilikuwa inakingoja, kwa sababu kingemaliza kila kitu: hakungekuwa tena na msafara wa Mtopanga, wala kamba ya katani, wala kijiko cha nahodha. Nikarudisha mkono mfukoni. "Kazi chukueni," nikasema. "Hicho hapana." Nilikuwa sina akiba ya siku mbili. Nilipita jikoni kuchukua shati langu, Mama Anyango akanifuata hadi mlangoni. Alinipa kifumbu changu na mwiko mmoja wa chuo, akasema, "Huu hawatauona."

Nikaanza kupika nje, ng'ambo ya barabara, mawe matatu na sufuria ya kuazima, pale pale ambapo baadaye nilijenga hoteli yangu ya kwanza ya mabati. Watu walioniita muuaji wa timu waliniita hivyo siku nne, ya tano ikawa Ijumaa, na upepo ulikuwa unaelekea chuoni. Walikuja. Walikuja wakiangalia chini, lakini walikuja, na foleni ikafika kwenye mtaro. Nilipakua. Wiki ya tatu, mchana, nikainua macho nikamwona Katana kwenye foleni. Alikuwa amepungua. Alipofika mbele yangu akatabasamu, akafunga macho yale, akasema, "Mwero, nipakulie. Na ukoko kama upo."

Nilikuwa na sahani mkononi, imejaa. "Nitakupakulia," nikasema. "Kwanza waambie hawa nilikwambia nini kule juu."

Waliokuwa nyuma wakasogea wasikie. Katana akacheka kidogo. "Aa, Mwero. Mambo ya zamani hayo."

"Wiki tatu zimekuwa zamani?"

"Si ulishasema mwenyewe ofisini?"

"Mimi nilisema. Sasa sema wewe."

Akageuka akawatazama waliokuwa nyuma yake. Walikuwa watu kama kumi na watano, wengine wa timu, na Mama Anyango alikuwa amesimama kwenye lango ng'ambo na ndoo yake. Mdomo wa Katana ulifunguka. Wallahi niliona maneno yamefika kwenye meno. Kisha akaufunga, akatoka kwenye foleni, akavuka barabara na njaa yake. Mtu aliyekuwa nyuma yake alisita, hajui asogee au asisogee. Nikamnyooshea sahani ile ile.

"Haya, wewe," nikamwambia. "Unapoa huu."